Fundi Hakuuliza Nani Amekufa

Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo
Dar es Salaam
4 Mei 2024

Mjomba Mbaruku,

Shikamoo, na ya Anti Badria mfikishie ikiwa bado ya moto. Sisi huku wazima. Mama bado anakaanga samaki wake pale kona. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atakaanga. Mvua zimetuachia tope mtaa mzima, wateja wanaingia dukani kwa Fortunata viatu mkononi. Fortunata ndiye yule Mchaga mwenye duka la vitenge ninakouza, mwaka wa sita huu. Anakusalimu ingawa hakujui, ila nimemsimulia habari zako mpaka anadhani anakujua.

Tangu Idi nimekupigia mara tisa. Inaita mpaka inakata. Meseji ananijibu Anti, neno moja tu, "salama". Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kama mlivyokuwa mkiandikiana na mama zamani, nampa kondakta wa basi la Lindi na sabuni mbili za Anti.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna kijana anaitwa Anuari, ana studio ghorofa ya tatu hapa nyuma yetu, wanatafsiri muvi kwa Kiswahili kwa ajili ya televisheni. Anataka mtafsiri mmoja mpya. Waliopo wote wanaume. Nimemwambia mimi ni mpwa wa Mbaruku aliyekuwa akitafsiri ukumbini pale mtaa wa Gerezani, akanyanyuka kwenye kiti. Amenipa muvi moja ya Kikorea nijaribu. Mpelelezi anatafuta muuaji wa walinzi watatu wa ghala. Kila jioni anapita kwa mzee fundi cherehani, anashonewa vifungo vya koti na kupewa chai. Mwisho kabisa kibao kinageuka, muuaji ni yule mzee.

Anuari hajaiona. Atakaa asikilize nilichorekodi. Akimjua muuaji kabla ya mwisho, kazi sipati. Akiona ametapeliwa, kazi sipati pia. Mjomba, naitaka hii kazi. Vitenge navipenda lakini nimechoka kukunja. Sasa niambie, muuaji ambaye watu hawajui ni muuaji anapewa sauti gani? Ukiweza nirekodie kwenye simu mstari mmoja tu, nisikie unavyofanya.

Mpwa wako,
Zamda


Lindi
16 Mei 2024

Mpwa wangu Zamda,

Marahaba. Salamu zako zilifika zimepoa, kondakta alitembea nazo siku tatu mfukoni. Sabuni zilifika nzima. Anti yako anasema ahsante na anauliza utaolewa lini, mimi sijauliza. Kuku wake wamefika kumi na saba na wanalala mahali nilipokuwa naweka baiskeli. Mimi nipo. Mimi na simu tumeachana kwa muda, usiulize nani kamwacha mwenzake.

Mstari wa kurekodi sitakutumia. Nitakupa kisa, maana kisa ndicho kilichonifundisha.

Unajua ukumbi wetu wa video pale Gerezani ulikuwa wa mabenchi na feni moja. Wateja wengi mafundi gereji na wauza spea. Mimi nakaa pembeni na maiki, kwa mdomo mmoja huu mimi ndiye polisi, mwizi, mke wa mwizi na mbwa wao. Kawaida naiangalia filamu asubuhi, mchana naitafsiri. Jumamosi moja kanda ilichelewa, ikafika watu wameshakaa. Nikasema haidhuru, nitakwenda nayo hivyohivyo.

Ndani yake kulikuwa na mzee mmoja mpole, mlezi wa yatima. Nikampenda. Nikampa sauti ya imamu. Watu walipoanza kumshuku nikakata maneno ya filamu nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Huyu mzee mniachie, namdhamini mimi Mbaruku." Ukumbi ukatulia, wakamwachia. Basi dakika ya mwisho mzee akavua miwani, kumbe yeye ndiye aliyewaua wote.

Hakuna aliyecheka. Muuza spea mmoja, Zahoro, mtu mzito wa maneno, alisimama akaniambia, "Mbaruku, hiyo filamu haijatudanganya. Tumejua ni filamu tangu mlangoni. Aliyetudanganya ni wewe, maana wewe ni wa hapa." Wakatoka. Wiki mbili nilitafsiria mabenchi.

Tangu siku hiyo sikuficha tena. Filamu ikianza tu nawaonyesha, "Muuaji ni yule mwenye kofia, sasa tazameni anavyojitia mwema." Na walijaa, Zamda, wakakaa mpaka kwenye dirisha. Mtu akijua anatazama kwa raha, kila tabasamu la yule muuaji linamsisimua. Kwa hiyo kama unataka mawazo yangu, mwisho wa kugeuza kibao ni utapeli. Mtengeneza filamu anakukalisha saa mbili, anakulisha ujinga, halafu anakucheka. Mwambie Anuari muuaji ni fundi, kisha umtafsirie vizuri. Asipokupa kazi, hajui kazi.

Msalimie dada yangu Mboni. Mwambie goti lipakwe mafuta ya nazi ya moto.

Mjomba wako,
Mbaruku


Kariakoo
28 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama kapaka mafuta ya nazi, sasa nyumba nzima inanukia wali. Anasema goti limesikia. Anti mwambie nitaolewa kuku wakifika hamsini.

Kisa chako nimekisoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea Fortunata dukani. Alicheka mpaka mteja akadhani anachekwa yeye. Lakini mjomba, uniwie radhi, ushauri wako sitaufuata. Nikimtaja muuaji mwanzoni Anuari atavua spika za masikioni palepale na kunishukuru kwa kuja.

Nimejaribu mwenyewe. Nilirekodi nusu saa ya kwanza nikamsikilizisha Fortunata, naye muvi hajaiona. Dakika ya kumi akasema, "Aisee, si ndiyo huyu fundi mwenyewe?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Wengine wote unawaongelea kama watu. Ukimfikia huyu babu unaongea kama mtu anayemvizia kuku." Nikasikiliza tena, nikaona aibu. Kweli, kila mzee akisema karibu chai, sauti yangu inashuka. Najua mwisho, na mdomo wangu umeshindwa kunyamaza. Nimefuta yote.

Kuhusu utapeli hatukubaliani. Mara ya kwanza na mimi nilipigwa chenga. Nikakasirika kama wale mafundi wako. Lakini nikairudisha nyuma, nikaona jambo. Kila mtu anayekutana na mpelelezi anamuuliza, safari hii nani amekufa? Muuza magazeti anauliza, mkewe anauliza, mpaka mtoto wa jirani. Fundi peke yake hajauliza hata siku moja. Anauliza sukari vijiko vingapi. Walituwekea mbele ya macho, mjomba. Sikufichwa, ni mimi sikutazama. Utapeli ni pale muuaji anapokuwa pacha ambaye hatujawahi kumwona, anashushwa dakika ya mwisho. Huyu alikuwepo tangu mwanzo, na sindano mkononi.

Sasa nisaidie. Nitamsemaje bila kumsema? Mstari mmoja tu wa sauti yako ungenitosha, azima hata simu ya jirani.

Zamda


Kariakoo
2 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii sijapata barua. Idi imepita na nyama tukala bila wewe. Nilimpigia Anti, akasema, "Mjomba wako anaendelea vizuri," nami nikashangaa anaendelea vizuri na nini, akasema mtandao unakata.

Mama naye ana mambo yake. Wiki ya pili sasa anatoka asubuhi, anapanda basi la mwendokasi pale Gerezani, anasema anakwenda Feri kuchagua samaki mwenyewe kwa sababu wanaomletea wanamletea waliolala. Anabeba chupa ya uji. Adhuhuri anarudi bila samaki, anasema bei imepanda. Nikamwambia basi asiende, akasema mimi niangalie vitenge vyangu. Nilimwambia pia kwamba hujibu barua zangu. Akasema utajibu, akaendelea kumenya vitunguu.

Anuari amesafiri, jaribio limesogezwa mpaka katikati ya Agosti. Nimerekodi mara nne nikafuta mara nne. Fortunata anasema nimpe fundi sauti ya huruma. Nimempa, ikawa mbaya zaidi, ametokea kama mtu anayeuza dawa kwenye stendi. Kama nimekuudhi kwa kubishana nisamehe, lakini jibu.

Zamda


9 Julai 2024

Mpwa wangu Zamda,

Marahaba, na hujaniudhi. Ungeniudhi kama ungekubali kila neno. Mwandiko usiuangalie, naandikia magotini. Barua hii nampa mtu anayekuja Kariakoo ili isikae mfukoni mwa kondakta.

Nimefikiri sana habari ya fundi wako. Muda wa kufikiri ninao. Nakubali kwamba kuficha na kudanganya si kitu kimoja. Mimi pale Gerezani sikukosea kwa kuwa filamu ilificha. Nilikosea kwa kuwa nilidhamini. Kwa hiyo wewe usimdhamini mzee na usimshtaki. Huruma ni kumdhamini. Ile sauti ya kuvizia kuku ni kumshtaki.

Fanya hivi. Mzee akishona kifungo, fikiria kifungo. Akimimina chai, fikiria chai isimwagike. Mtu aliyeua hashindi kutwa anawaza kuua, Zamda, na yeye ana kazi za watu za kumaliza. Ukimsema hivyo hutakuwa umemdanganya mtu yeyote, maana hicho ndicho mzee anachokiwaza kwa wakati ule.

Mama yako msaidie ngazi. Asibebe vitu vizito.

Mbaruku


Kariakoo
22 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani leo unazijua kuliko mimi.

Nilifuata ulichosema. Alhamisi nilikaa na maiki nikafikiria vifungo, na kwa mara ya kwanza mzee akatoka mzee. Nikafika pale ambapo muuza magazeti anauliza nani amekufa, halafu mke anauliza, halafu zamu ya fundi, naye anauliza sukari. Nikasimamisha mashine. Nilikuwa nimemkumbuka mama. Wiki saba nalalamika mjomba yuko kimya, mjomba hajibu, mjomba hapokei simu. Fortunata ameuliza una nini. Jirani ameuliza. Mama, dada yako wa tumbo moja, hajauliza hata siku moja.

Nikarudi nyumbani nikamwambia, "Mama, nani anakunywa ule uji?" Akaweka mwiko chini akalia.

Nilifika hospitali, kule Upanga, saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Kitanda chako kilikuwa na mtu mwingine, anakula chungwa. Ulikuwa umeruhusiwa siku tatu kabla, umerudi Lindi. Wiki tatu na nusu, mjomba, umelala mahali ninapoweza kwenda kwa miguu, umepasuliwa koo, na mimi nakuandikia habari za Wakorea. Niliangalia barua yako ya tarehe tisa. Ile ya Mei umeandika Lindi juu. Hii hukuandika mahali. Unaandikia magotini, muda wa kufikiri unao, na mimi sikuona kitu.

Najua utakachosema. Utasema hukunidanganya, uliniachia dalili zote, nilitakiwa kutazama. Mwanzoni wewe ndiye uliyesema filamu za namna hii ni utapeli na mimi nikazitetea, na bado nazitetea. Anayekata tiketi ya filamu ya upelelezi anaomba kufichwa, ndicho alichokifuata. Mimi sikukata tiketi. Mimi ni mpwa wako. Zahoro alikwambia jambo moja tu la maana na ulipaswa kulishika. Wewe ni wa hapa.

Nimekasirika na ninakupenda, yote mawili kwa pamoja, na sijui nimalizieje barua.

Zamda


Kariakoo
19 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, sasa samaki wanaletwa mlangoni kama zamani, hawajawahi kulala hata mmoja. Tumepatana. Anti ananipigia kila Ijumaa na kunieleza unakula nini, kwa hiyo najua umeanza ugali. Kuku wamefika ishirini na tisa, nimeanza kuogopa.

Jumatano Anuari alisikiliza. Alikaa na kikombe cha kahawa mbele yake, mimi nikakaa nyuma yake nimeshika pindo la khanga. Saa moja ikapita. Alimshuku muuza magazeti, akamshuku mke. Fundi alipomimina chai mara ya nne Anuari akasema, "Huyu mzee ndiyo mtu pekee mwenye akili humu." Nikauma kidole. Ikafika mwisho. Kahawa ilikuwa imeganda utando. Kisha akasema, "Rudisha nyuma, pale pa kwanza kwa fundi." Nikarudisha. Akasikiliza, akasikiliza pa pili, pa tatu, akageuka akaniangalia. "Dada, hajauliza," akasema. "Hajauliza kabisa huyu mzee." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Umenipiga, lakini umenipiga kihalali."

Naanza tarehe moja. Fortunata amenikatia kitenge cha kuanzia kazi, kisha akaenda stoo, akakaa huko muda mrefu, akarudi macho mekundu akasema ni vumbi.

Kazi hii ni vifungo vyako, mjomba. Nilitaka kukwambia kwa mdomo na kusikia utakavyonitania. Wiki nne umekaa kimya na barua yangu ya hasira, na Anti nikimuuliza juu ya sauti anaanza habari za ugali. Sikuulizi kwa nini ulinificha. Nakuuliza moja tu. Sauti yako ikoje?

Zamda


Lindi
31 Agosti 2024

Zamda,

Sauti haitarudi. Salamu nitaziweka chini, leo ziningoje.

Daktari aliniambia kabla ya kunitoa hospitali, na Anti yako nimemwambia juzi. Uvimbe wameutoa wote, wameupima, si ule ugonjwa tuliokuwa tunauogopa. Nalala, nakula, natembea mpaka sokoni na kurudi. Lakini walipokuwa wanautoa ilibidi waende na sehemu ya sauti. Nilichobaki nacho ni mnong'ono, tena wa karibu. Anti yako akiwa jikoni hanisikii, anasema ndoa imekuwa tamu.

Ulikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandaa hayo maneno uliyoyasema, kwamba sikudanganya, niliacha tu kusema. Niliyaandika kabisa mara mbili nikachana. Ukweli ni kwamba kufa sikukuogopa sana. Niliogopa wewe unisikie. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unakuja kukaa chini ya meza yangu pale Gerezani, na nilitaka ubaki na sauti ile. Tena ulikuwa unatafuta sauti yako, nikaona si wakati wa kukuletea habari ya sauti inayopotea. Nilikuamulia mambo yako bila kukuuliza. Nimekosa, na mama yako nilimkosea zaidi kwa kumbebesha.

Habari ya kazi nilimwomba Anti yako anisomee kwa sauti ingawa macho yangu mazima. Nilifurahi mpaka nikatoka nje. Kumbe mtu anaweza kupigwa kihalali. Hilo nimelisikia na nimelikubali.

Sasa salamu. Marahaba, za barua zote ambazo sikuitikia. Kuku ni thelathini na mmoja. Mboni mwambie asipande ngazi na ndoo.

Nakuja Dar tarehe kumi na mbili Septemba, daktari anataka kuniona, na safari hii nafikia kwenu. Mama yako amekwisha kuwaambia wenzangu wa Gerezani, hawezi kunyamaza mambo mazuri. Watakuja kunisalimia, watajaa sebule yenu, watataka niwasimulie, nami hawatanisikia hata wakinyamaza. Kwa hiyo utakaa kando yangu. Mimi nitanong'ona, wewe utawaambia. Ukinisema usinionee huruma.

Mjomba wako,
Mbaruku